Kuuliza Chanzo cha Msiba Si Kumhoji Mungu

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria ya kampuni ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ilikokuwa ikienda kutua. Ilikuwa ndege ya mapangaboi mawili, aina ya ATR 42, nayo ilichukua watu 43, yaani abiria 39 pamoja na marubani wawili na wahudumu wawili. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, na miongoni mwao marubani wote wawili. Kesho yake majeneza yalipangwa katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, na Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, akasimama pamoja na waombolezaji.

Bukoba ni mbali na Ufipa. Mtu wa Kabwe, aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, aweza kufikiri kwamba habari ya ndege ni habari ya wenye fedha, nayo haimgusi. Hata hivyo msiba ule ulizusha swali ambalo kila nyumba yetu hulikuta siku moja, iwe nyumba ya mvuvi, ya mkulima wa mahindi au ya mwalimu. Ndugu yetu akifa ghafula, si kwa uzee wala kwa ugonjwa wa siku nyingi, bali kwa kitu kilichovunjika, kilichozama au kilichoanguka, yatupasa kufanya nini na neno hili “kwa nini”? Je, tulizike pamoja naye? Ama tulibebe mpaka tujue?

Katika misiba ya namna hii twasikia majibu mawili mepesi. La kwanza ni la mcha Mungu: “Ni mapenzi ya Mungu, siku yao ilikuwa imefika.” La pili ni la mwenye hasira: “Nani amefanya hivi? Aletwe!” Majibu haya mawili yaonekana kama maadui, maana moja lanyenyekea na jingine lapiga kelele. Lakini tukiyatazama vema tutaona kwamba ni ndugu. Yote mawili hulifunga swali kabla halijajibiwa.

Tuanze na lile la kwanza, kwa sababu ndilo la kwetu sisi tunaosali.

Kusema kwamba uhai wetu umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu ni kusema kweli, na mwenye kufiwa akilitamka neno hilo kwa machozi, asiwepo mtu wa kumkosoa. Hilo ni sala yake. Lakini neno lililo sala kinywani mwa mfiwa laweza kuwa udhuru kinywani mwa mwenye wajibu. Mjane akisema, “Mungu amependa hivyo,” amejikabidhi. Mwenye chombo kibovu akisema maneno yale yale, amejificha. Maneno ni yale yale, lakini matendo ni mawili.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu, aliye Sababu ya kwanza ya vyote, hakuondolea viumbe nguvu zao. Moto huchoma kwa kweli, maji huzamisha kwa kweli, na mtu hutenda kwa kweli. Sababu hizi za pili si vivuli. Mungu mwenyewe amependa ziwepo na zifanye kazi yake kila moja kwa namna yake. Kwa hiyo mtu asemaye, “Ndege ilianguka kwa mapenzi ya Mungu, basi hapana haja ya kuchunguza,” hamtukuzi Mungu hata kidogo. Anaidharau kazi yake, maana Mungu huyo ndiye aliyeweka kanuni za upepo, za uzito na za chuma, kisha akampa mwanadamu akili ya kuzijua. Mfiwa aweza kusema “mapenzi ya Mungu” na mchunguzi akapima upepo uliovuma siku ile, na kati yao wawili hapana ugomvi wowote.

Tena Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya ajali. Injili ya Luka yasimulia habari ya mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 ukawaua. Watu walidhani kwamba wale waliokufa walikuwa wakosaji kupita wengine wa Yerusalemu. Bwana alikataa. Hakuruhusu msiba wa mtu ugeuzwe kuwa hukumu juu yake, bali aliwarudishia walio hai ule msiba uwe onyo kwao. Basi tukilifuata neno hilo, hatuwezi kuuliza, “Wale 19 walikuwa na dhambi gani?” Swali hilo limekwisha kukataliwa. Swali linalobaki ni letu sisi tuliosalia: tutafanya nini ili tusiangamie vivyo hivyo?

Tuje kwenye jibu la pili.

Wenyeji wa mkoa wetu husema kwamba jina la mji wa Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Watu wa mbali hulitaja jina hilo kwa kutucheka, kana kwamba uchawi umejaa kwetu tu. Lakini jina lenyewe ni agizo jema, na agizo hilo latufaa katika jambo hili. Maana kiini cha fikira za uchawi si hirizi wala tunguri. Kiini chake ni imani kwamba nyuma ya kila msiba yupo mtu aliyeutaka.

Mwaka 1937 mtaalamu wa Kiingereza, Evans-Pritchard, alitoa kitabu juu ya Wazande wa kusini mwa Sudan. Humo alieleza habari ya ghala za nafaka zilizosimama juu ya nguzo, ambazo mara nyingine huanguka na kuwaumiza watu walioketi chini yake kwa ajili ya kivuli. Wazande hawakuwa wajinga. Walijua vema kwamba mchwa wamekula nguzo. Lakini waliuliza zaidi: mbona imeanguka saa ile ile, wakiwa wameketi watu wale wale? Na hapo ndipo walipomtafuta mchawi.

Tusiwacheke Wazande. Siku hizi watu waliosoma hufanya vivyo hivyo, ila humpa mchawi jina jingine. Ndege ikianguka, kabla maji hayajatulia, watu wamekwisha kusema, “Ni kosa la rubani.” Wanajua kwamba kulikuwa na mawingu, kwamba uwanja una hali yake na chombo kina hali yake, kama Wazande walivyojua habari za mchwa. Lakini moyo hautulii mpaka apatikane mtu mmoja wa kubeba yote. Na rubani aliyekufa ni mtu mwepesi sana kubebeshwa, maana hawezi kujitetea. Akisha kubebeshwa, sisi wengine wote twalala usingizi. Uwanja ubaki ulivyo, boti la uokoaji libaki lilivyo, na taratibu zibaki zilivyo, kwa sababu mwenye kosa amekwisha kuzikwa.

Hatusemi kwamba rubani hawezi kukosea. Aweza, kama daktari awezavyo na padre awezavyo. Twasema tu kwamba neno “amekosea” ni mwanzo wa uchunguzi, wala si mwisho wake. Kwa nini alikosea? Aliona nini na hakuona nini? Alikuwa amechoka? Alifundishwa vya kutosha? Aliambiwa nini juu ya mvua na upepo, na nani alikuwa na wajibu wa kumwambia? Mwingereza mwingine, James Reason, aliyeandika juu ya makosa ya wanadamu mwaka 1990, alionyesha kwamba ajali kubwa ni nadra kutokea kwa tundu moja. Wavuvi wa Kabwe wataelewa upesi. Wavu mmoja una tundu hapa, wa pili una tundu pale. Ukizitandika nyavu kadha wa kadha, samaki hapiti, kwa sababu tundu la huu limezibwa na uzi wa ule. Lakini siku ikitokea tundu zote zikaelekeana, samaki hupita zote kwa mara moja. Ajali ndivyo ilivyo. Ukimwadhibu wavu wa mwisho peke yake na kuziacha nyavu nyingine na tundu zake, umejiandalia ajali nyingine.

Kwa sababu hii mataifa yalipatana juu ya jambo ambalo kwa wengi laonekana geni. Mkataba wa usafiri wa ndege uliotiwa sahihi Chicago mwezi Desemba 1944 waitaka nchi ndege ilimoangukia ifanye uchunguzi, na Nyongeza ya 13 ya mkataba huo, iliyokubaliwa mwaka 1951, yasema kwamba shabaha ya uchunguzi ni moja tu: kuzuia ajali nyingine. Si shabaha yake kugawa lawama wala kuamua nani alipe. Hiyo ni kazi ya mahakama, nayo ina nyumba yake. Taarifa ya awali yatakiwa katika siku 30, na ile ya mwisho, ikiwezekana, katika miezi 12. Tena nchi iliyounda ndege hushirikishwa. Na ATR zaundwa Ufaransa, mjini Toulouse.

Mtu atauliza: je, huku si kuwafunika wakosaji? Damu ya watu 19 imwagike, kisha waje wataalamu na kusema kwamba hawakuja kutafuta mwenye kosa?

Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Sababu ya kutenganisha nyumba hizi mbili ni kwamba ulimi unaoogopa kifungo hausemi yote. Fundi aliyesahau kukaza kitu, mwongozaji aliyechelewa kutoa habari, mkubwa aliyepunguza fedha za matengenezo, wote hao watanyamaza wakijua kwamba kila neno lao litakuwa kamba ya shingo yao. Wakinyamaza, waliokufa hawafufuki, na walio hai hawajifunzi. Sisi Wakatoliki tusione ajabu juu ya jambo hili. Twajua tangu zamani kwamba pako mahali ambapo mtu husema kosa lake ili liponywe, na pako mahali pengine ambapo hushitakiwa ili haki itendeke. Mahali hapo pawili pakichanganywa, hapatakuwa na kuponywa wala haki. Mahakama haikufungwa, iko. Lakini mlango wake ni mwingine.

Na je, uchunguzi wa namna hiyo waleta faida? Tutazame jambo moja la zamani ambalo laigusa Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet, ya kwanza duniani kuchukua abiria kwa injini za jeti katika safari za ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe, kando ya ziwa lile lile la Viktoria. Watu waliistaajabia. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, katika bahari ya Italia, na watu wote 35 wakafa. Ndege hizo zikasimamishwa. Wataalamu wakatazama, wakafanya marekebisho waliyoweza kuyafikiri, na ingawa chanzo chenyewe hakijajulikana, tarehe 23 Machi zikaruhusiwa kuruka tena. Baada ya wiki mbili tu na siku chache, tarehe 8 Aprili, nyingine ikaanguka karibu na Napoli, na watu 21 wakafa.

Hapo ndipo subira ilipoanza. Vipande vilitolewa baharini kimoja kimoja, vikapangwa kama mifupa ya marehemu. Kule Farnborough, Uingereza, mwili mzima wa Comet uliingizwa katika tangi kubwa la maji, ukajazwa na kupunguzwa shinikizo mara nyingi sana, kama vile unaporuka na kutua, mpaka ukapasuka mbele ya macho ya watu. Chuma kilikuwa kimechoka. Hapakuwa na mchawi, wala rubani mzembe, wala laana. Ulikuwa ni uchovu wa chuma, ambao ulikuwa haujafahamika vya kutosha. Kila aingiaye katika ndege leo hulindwa na elimu iliyopatikana kwa vifo vile. Nasi tuone tofauti ya vifo vya mwezi Januari na vile vya mwezi Aprili. Wale 35 walikufa kwa jambo ambalo watu walikuwa hawalijui. Lakini wale 21 walikufa baada ya watu kujua kwamba hawajui, na bado wakaamua kuruka.

Katika neno hilo ndimo limo fundisho lote la makala hii, nalo ni la zamani katika Kanisa. Mtakatifu Tomaso hutofautisha kutojua kusikoepukika na kule kunakoepukika. Asiyeweza kujua hana hatia. Lakini aliyeweza kujua, na aliyepaswa kujua, akaacha kwa uvivu au kwa kupenda faida, huyo kutojua kwake kwenyewe ni dhambi. Basi uchunguzi wa ajali hauondoi lawama duniani. Waihamisha. Kabla ya taarifa, wengi waweza kusema kwa haki, “Hatukujua.” Siku taarifa ikisha wekwa mezani, neno hilo limekwisha. Anayeiweka kabatini bila kuisoma amechukua juu ya dhamiri yake msiba unaofuata.

Liko jambo jingine linaloupasa uchunguzi: uwasikilize wadogo. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambayo yapakana nasi watu wa Rukwa. Watu wote 16 waliokuwamo walikufa, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Tume ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba ni kosa la marubani. Lakini walikuwako Waafrika wachoma mkaa, waliokuwa macho usiku ule kwenye matanuri yao, nao walikuwa na maneno ya kusema juu ya walivyoviona angani. Ushahidi wao ulipuuzwa. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla Umoja wa Mataifa haujalifungua tena shauri hilo kwa dhati, na aliyekabidhiwa kazi hiyo tangu mwaka 2015 ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Masizi ya mkaa mikononi mwa shahidi hayakuyafanya macho yake yasione. Ukweli uliokataliwa mwaka 1961 kwa sababu ya rangi na kazi ya msemaji umewagharimu watu miaka mingi ya kuutafuta.

Neno hilo laturudisha Bukoba, maana kule nako wadogo ndio waliokuwa wa kwanza. Ndege ilipoanguka, walioifikia mbele ya wote walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Wengi wa waliookoka walitokea mlango wa nyuma. Ndege ikaendelea kuzama kwa upande wa mbele, na marubani, waliokuwa hai kwa muda, hawakuweza kutolewa. Kijana mmoja mvuvi aliyejitahidi kuwafikia aliumia hata akapoteza fahamu. Taifa zima likamsifu. Akapewa fedha, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sifa hiyo ilistahili. Lakini sifa nayo yaweza kuwa njia ya tatu ya kulifunga swali, na pengine ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu ni tamu. Tukimshangilia mvuvi aliyekuja na kasia, twaweza kusahau kuuliza kwa nini kasia ndiyo iliyofika kwanza. Taarifa ya awali ya wachunguzi, iliyojulikana magazetini mwezi ule ule wa Novemba, ilisema wazi kwamba vifaa vya uokoaji vya kikosi cha majini havikutosha wala havikuwahi, na kwamba lau uokoaji ungekuwa wa haraka, huenda wengine waliokufa wangepona. Ni maneno machungu. Lakini mtu aliyeyaandika amewatendea marehemu jema kuliko hotuba nyingi. Shujaa hustahili nishani. Na taifa lililomhitaji shujaa pale palipotakiwa boti lenye mafuta na mzamiaji mwenye hewa, lastahili kujitazama katika kioo.

Tena ziwa lile lilikuwa limekwisha kutufundisha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, yenye ruhusa ya kuchukua abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Watu walisikiwa wakigonga kutoka ndani. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa ubavu wa meli ili wawatoe. Hewa iliyoishikilia meli juu ya maji ikatoka, nayo ikazama pamoja na waliokuwa hai ndani yake. Ni nani atakayethubutu kuwalaumu waliotoboa? Walikuwa na huruma. Hawakuwa na maarifa wala vyombo. Msiba ule watufundisha kwamba huruma isiyojiandaa haitoshi. Upendo kwa jirani hauanzi siku ya ajali. Waanza miaka mingi kabla yake, katika mambo makavu yasiyo na sifa, kama vile mazoezi, ukaguzi, akiba ya mafuta, na orodha ya abiria iliyoandikwa kwa uaminifu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilo hilo. Kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kwa hiyo tangu 1996 hata 2018 hesabu ile ile ya watu kupita kiasi ilikuja tena kutudai. Kila mara tume iliundwa. Twauliza kwa heshima: ni wangapi kati yetu, viongozi na raia, tulioyatafuta maneno ya tume hizo tukayasoma? Msiba twausikia siku ile ile, lakini taarifa yake hutujia miezi mingi baadaye, machozi yakiwa yamekauka, nasi hatuna hamu nayo. Hapo ndipo waliokufa hufa mara ya pili.

Sasa turudi kwetu Ufipa. Kwa miaka mingi watu wa Sumbawanga walingojea uwanja wa ndege wa kisasa, na kuungoja kwao kulikuwa kwa haki, maana mgonjwa, mfanya biashara na mwanafunzi wahitaji njia ya haraka. Lakini ndege si jambo la kwanza. Mtu wa Kabwe anaposafiri kwenda Kirando au Kipili, mara nyingi hupanda boti la mbao pamoja na magunia ya dagaa, mafuta ya taa, kuku na watoto. Nahodha hutazama anga, abiria humtazama nahodha. Boti hilo likizama, hapana kisanduku cha kunasa sauti ndani yake, wala hapatakuja wataalamu kutoka Toulouse. Watu watatu au wanne watazikwa, watu watasema ni kazi ya Mungu au ni mkono wa mtu, na boti jingine litapakiwa vivyo hivyo kabla ya arobaini.

Je, nafsi ya abiria wa boti ni nyepesi kuliko nafsi ya abiria wa ndege? Hakuna Mkristo atakayejibu ndiyo. Basi, ikiwa mataifa yamekubali kwamba kila ndege inayoanguka yastahili kuulizwa “imekuwaje?”, haki yadai kwamba na kila boti linalozama liulizwe swali lile lile, na jibu lake liandikwe, na lisomwe. Jambo hili halihitaji mitambo mikubwa. Lahitaji mwenyekiti wa kijiji, mtu wa bandari, polisi na wazee wa wavuvi waketi pamoja, si kwa kumtafuta wa kumtwika, bali kwa kuuliza kwa utaratibu: Boti lilipakiwa kiasi gani? Upepo ulikuwa wa namna gani, na ni nani aliyeujua? Mbao zilikaguliwa lini? Makoti ya kuokolea yalikuwako, na kama hayakuwako ni kwa sababu gani? Na yule kijana aliyekuwa akichota maji chombo kikizidi kuvuja, je, ameulizwa aliyoyaona, ama amefukuzwa kwa kuwa ni mdogo?

Kisha, waliojibu maswali hayo kwa kweli, wasitukanwe. Na waliosikia majibu hayo, wasijifanye kwamba hawakusikia.

Ndugu wasomaji, tunapoombea marehemu twakubali kwamba bado tuna deni kwao. Kifo hakikukata udugu. Sala ni sehemu ya deni hilo. Lakini sehemu nyingine hulipwa kwa akili na kwa mikono. Tumesikia jinsi vipande vya Comet vilivyotolewa chini ya bahari kimoja kimoja. Aliyekuwa akiviokota kwa uvumilivu alikuwa akiwatumikia watu ambao hatawajua kamwe, walio katika safari za miaka ijayo. Twaweza kuiita kazi hiyo kwa jina lake halisi, yaani tendo la huruma.

Basi siku msiba utakapotufikia, tulie, maana hata Bwana alilia kaburini kwa rafiki yake. Tuseme kwamba Mungu yupo. Halafu, machozi yakiwa bado mashavuni, tuulize imekuwaje, tukiuliza bila chuki na bila woga, na tusiache kuuliza mpaka tujue. Na tukisha kujua, tutengeneze.